Uzi: Probu zinazotoa mwanga kwa kemia – kupima kidogo sana bila kudanganywa na blanki

Fotoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaopima kwa mwanga unaozaliwa ndani ya mmenyuko wenyewe, bila taa ya kuumulika: luminoli, akridinia na dioksetani. Tukisema probu hapa tunamaanisha molekuli inayokaa kimya mpaka ikutane na kile inachokitafuta, kiwe kimeng'enya au peroksaidi, kisha inavunjika na kutoa fotoni.

Kwa nini njia hii ina unyeti mkubwa? Kwenye flioresensi unaimulika sampuli, na mwanga huo unakurudia kwa njia usizozitaka. Unatawanyika, unaamsha protini na vitamini zilizomo kwenye sampuli, hata plastiki ya sahani inang'aa. Hapa taa haipo. Luminoli ndani ya maji hutoa takriban fotoni moja tu kwa kila molekuli mia zinazooksidishwa, ufanisi ambao ukiuona kwenye karatasi utaudharau. Hata hivyo katika vipimo vingi vya kingamwili inazishinda rangi za flioresensi, kwa sababu giza linaloizunguka ni giza kweli.

Ndiyo maana nasisitiza: kiwango cha chini unachoweza kukitambua kinaamuliwa na blanki, yaani usomaji unaoupata pasipo kile unachokipima. Ukali wa mwanga unakuja baadaye. Anayetafuta sabstreti kali (kemikali inayotoa mwanga kimeng'enya kikiifanyia kazi) kabla ya kuisafisha blanki anapoteza pesa na sampuli.

Kwa ufupi, familia ni tatu. Luminoli hutumika na kimeng'enya cha peroksidesi, kwa kifupi HRP, kinachobandikwa kwenye kingamwili, na mwanga wake ni wa buluu, karibu na nanomita 425. Akridinia hubandikwa moja kwa moja kwenye kingamwili au DNA bila kimeng'enya, ikawaka mara moja kwa sekunde chache. Dioksetani hubeba nishati yake yenyewe ndani ya pete ya atomu nne. Kimeng'enya kinaondoa kifuniko, pete inavunjika, mwanga unatoka polepole kwa dakika nyingi au masaa.

Karibuni kwa maswali.

Nukta

Asante mkuu. Swali: mtu akibadilisha sabstreti ya HRP akaweka yenye mwanga mara kumi zaidi, na blanki nayo ikapanda mara kumi, amepata faida gani? Wauzaji wanasema unyeti umeongezeka mara kumi.

Fotoni

Tupige hesabu, maana hapa ndipo penye utata.

Chukulia blanki inasoma fotoni 100 kwa sekunde. Kama chanzo pekee cha kuyumba ni bahati ya kuhesabu fotoni, mkengeuko sanifu ni kipeuo cha pili cha 100, yaani 10. Kiwango cha chini tunakihesabu kama wastani wa blanki kujumlisha mikengeuko mitatu, kwa hiyo sampuli lazima iongeze fotoni 30 ndipo uamini kwamba kuna kitu. Weka sabstreti kali: blanki 1,000, mkengeuko karibu 32, unahitaji 95 hivi. Kwa kuwa kila molekuli sasa inatoa mwanga mara kumi, unyeti umepanda mara tatu na kidogo. Si mara kumi.

Hiyo ni hali nzuri. Hali ya kawaida ni kwamba blanki inatoka kwa kingamwili ya pili (ile yenye kimeng'enya, inayoishika kingamwili ya kwanza) iliyonata mahali pasipotakiwa, na kunata huko kunatofautiana kisima hadi kisima kwa asilimia 10, tuseme. Kwa sabstreti ya kwanza blanki ni 100 ikiyumba kwa 10. Kwa ya pili ni 1,000 ikiyumba kwa 100. Unahitaji ongezeko la 300, na mwanga wako umepanda mara kumi. Umerudi palepale, faida sifuri.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jaza visima vinane vya blanki kamili, yaani kila kitu isipokuwa antijeni (kile kingamwili inachokishika), na vinane vingine vyenye sabstreti peke yake. Vikisoma sawa, sabstreti yako au mashine ndiyo inayokuzuia. Blanki kamili ikiwa juu sana kuliko sabstreti peke yake, tatizo ni kunata kwa kingamwili, na hakuna sabstreti itakayokuokoa. Punguza kingamwili ya pili, badilisha kizibio (kinachozuia kunata), ongeza uoshaji.

BafaSafi

Naongezea kwenye luminoli, kwa sababu sabstreti ya kawaida ya HRP inatengenezeka maabara na inafanya kazi vizuri kabisa.

Akiba ya luminoli: gramu 0.44 katika mililita 10 za kiyeyushi DMSO, inakuwa milimola 250 kwa lita. Akiba ya asidi ya para-kumariki: gramu 0.15 katika mililita 10 za DMSO, milimola 90. Zigawe kwenye tyubu ndogo, zifunge na karatasi ya alumini, weka nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kazi changanya myeyusho A: mililita 5 za bafa ya Tris milimola 100 yenye pH 8.5, mikrolita 50 za luminoli, mikrolita 22 za asidi ya kumariki. Myeyusho B: mililita 5 za Tris ileile na mikrolita 3 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30. Vichanganye nusu kwa nusu dakika chache kabla ya kutumia. Mwishoni utakuwa na luminoli milimola 1.25, kumariki 0.2 na peroksaidi karibu milimola 3.

Asidi ya kumariki ndiyo kikolezo. HRP huioksidisha haraka kuliko inavyoioksidisha luminoli, na zao lake ndilo linaloichukulia luminoli elektroni. Kikolezo kikiharibika mwanga unaporomoka huku kila kitu kingine kikionekana sawa. Akiba ikibadilika kuwa ya kahawia, mwaga.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni haya. La kwanza, peroksaidi kuukuu. Ipime: punguza chupa ya asilimia 30 mara 1,000 kwa maji, soma ufyonzaji kwenye nanomita 240 kwa kyuveti ya kwazi ya sentimita moja. Ikiwa nzima utapata karibu 0.43. Ukipata 0.2, imebaki nusu. La pili, sodiamu azaidi. Watu wanaiweka kwenye bafa za kuhifadhia kingamwili ili zisiote bakteria, nayo inaua HRP. La tatu, madini. Shaba, chuma na kobalti vinaichochea luminoli bila kimeng'enya chochote, kwa hiyo kijiko chenye kutu au maji yaliyopita kwenye bomba la shaba yanatosha kuipandisha blanki. Maji yawe yaliyoondolewa ayoni, vyombo viwe vya plastiki.

Halafu Tris inabadilika na joto, pH inashuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Bafa uliyoipima 8.5 kwenye nyuzi 25, ikiwa friji ya nyuzi 4 inakaribia 9.1. Acha sabstreti ifikie joto la chumba kabla ya kuimimina, la sivyo matokeo ya asubuhi na ya mchana hayatafanana.

Utando

Mkuu BafaSafi, na ile hali ya mstari wa protini kwenye utando (western blot) kuwa mweupe katikati, kingo tu ndizo zinawaka? Wakati mwingine unaona hata rangi ya kahawia kwa macho kwenye utando.

BafaSafi

HRP imezidi. Pale katikati imemaliza sabstreti yote ndani ya sekunde chache, na radikali huru zilizozalishwa zimekishambulia kimeng'enya chenyewe. Kahawia unayoiona ni alama ya hapo palipoungua. Watu wakiona hivyo wanaongeza kingamwili wakidhani mwanga hautoshi, na wanazidi kuharibu.

Fanya kinyume. Kwa sabstreti ya nyumbani hiyo niliyoandika juu, anza na kingamwili ya pili 1:5,000 hadi 1:20,000. Kwa zile za unyeti wa juu nenda 1:50,000 au hata 1:100,000. Osha kwa TBS (bafa ya Tris yenye chumvi) yenye kisabuni Tween 20 asilimia 0.1, mara tano, dakika tano kila mara, chombo kikubwa na bafa nyingi. Sabstreti mililita 0.1 kwa kila sentimita ya mraba, subiri dakika moja, nyanyua utando kwa koleo ukiugusisha kona kwenye karatasi ili maji yachuruzike, ufunike kwa plastiki bila mapovu. Piga picha ya sekunde 10, ya dakika 1 na ya dakika 5. Mstari mzuri unaongezeka kwa kadiri ya muda. Ukiona wa dakika 5 hauzidi sana wa dakika 1, kamera imeshiba au kimeng'enya kinakufa.

Na kama hakuna kitu kabisa, jaribu kimeng'enya peke yake: zima taa, weka mikrolita 1 ya kingamwili yenye HRP isiyopunguzwa ndani ya mililita 1 ya sabstreti iliyochanganywa. Lazima uone buluu kwa macho papo hapo. Usipoiona, tatizo liko kwenye sabstreti au kimeng'enya, achana na utando.

Nukta

Hapo nimeelewa. Sasa dioksetani. Nasikia zamani hazikuwa na mwanga wa maana ndani ya maji, siku hizi watu wanazitia kwenye seli hai. Kimebadilika nini?

Fotoni

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nivumilieni nikiandika kirefu.

Pete ya dioksetani ina atomu mbili za oksijeni na mbili za kaboni, imekazana na inataka kuvunjika. Upande mmoja wanaibandika adamantani, kundi kubwa la kaboni linaloizuia kuvunjika ovyo hata ikikaa kwenye joto la chumba. Upande wa pili kuna fenoli iliyofunikwa. Mwaka 1987 Paul Schaap wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba ukiifunika fenoli kwa kundi ambalo kimeng'enya maalumu hulikata, basi kimeng'enya ndicho kinachowasha mwanga. Kifuniko kikiwa fosfati, unapima fosfatesi ya alkali (ALP). Kikiwa galaktosi, unapima beta-galaktosidesi. Kifuniko kikitoka, fenoli inabaki na chaji hasi, inasukuma elektroni kwenye pete, pete inapasuka vipande viwili, na kimojawapo, esta ya benzoeti, kinazaliwa kikiwa kimeamshwa.

Tatizo lilikuwa hapo mwishoni. Benzoeti hiyo ndani ya maji inazimwa kabla ya kutoa fotoni. Dawa ya zamani ilikuwa kuificha: unaweka kisabuni au polima yenye chaji chanya, pamoja na rangi kama fluoresini ya kupokea nishati. Kwenye utando wa nailoni au kisima cha sahani inafaa sana, na vipimo vingi vya ALP bado vinatumia njia hiyo. Kwenye seli hai haiwezekani, kwa sababu kisabuni kinazitoboa.

Mwaka 2017 kundi la Doron Shabat, Chuo Kikuu cha Tel Aviv, lilibandika akrilati au akrilonitrili kwenye nafasi iliyo jirani na fenoli. Kundi hilo linavuta elektroni, na benzoeti inayozaliwa inang'aa yenyewe ndani ya maji, kijani, bila kisabuni. Mwanga ulipanda hadi takriban mara 3,000. Faida ya pili inasahaulika: fenoli inakuwa na asidi zaidi, kwa hiyo inapoteza protoni kwenye pH 7.4. Zile za zamani zinataka pH 9.5 au 10 ndipo ziwake vizuri, na hakuna seli inayovumilia hivyo. Kwa msingi huohuo zimeshatengenezwa probu za glutathioni, za haidrojeni peroksaidi, na za vimeng'enya vya Salmonella na Listeria.

Sasa matumizi. Akiba: milimola 10 katika DMSO kavu, nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani. Kazi: anza na mikromola 10, DMSO isizidi asilimia 1. Pima kila dakika kwa saa moja au mbili kwenye nyuzi 37, usiridhike na usomaji mmoja. Mkunjo unapanda, unafika kilele, unashuka, na umbo lake linategemea kasi mbili: kimeng'enya kukata kifuniko, na pete kupasuka. Ukiwa na kimeng'enya kingi kilele kinakuja mapema na jumla ya mwanga inabaki ileile, kwa sababu probu imekwisha. Hapo jumla haikwambii chochote kuhusu kiasi cha kimeng'enya. Tumia mteremko wa mwanzoni, na thibitisha kwamba kimeng'enya nusu kinatoa mteremko nusu.

Wanaozitengeneza wenyewe: hatua ya mwisho ni oksijeni ya singleti, yaani unapitisha oksijeni kwenye enoli-etha ukiwa na methilini buluu chini ya taa ya njano. Asidi kidogo tu, iliyobaki kwenye silika au klorofomu, inaanza kuivunja. Bidhaa iliyovunjika kidogo bado inaonekana safi kwenye mizani, na benzoeti huru haitoi mwanga wa kemikali, kwa hiyo ithibitishe kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali) kabla ya kuamini mikromola zako.

Seli_Hai

Naheshimu yote hayo, lakini kwa hadubini flioresensi bado iko mbele. Fotoni za dioksetani ni chache, kila molekuli inatoa mara moja tu kisha imekufa. Rangi ya flioresensi inaamshwa maelfu ya mara.

Fotoni

Ni kweli, na sibishani nawe. Ukitaka kujua protini iko upande gani wa kiini, tumia flioresensi. Mwanga wa kemikali ni wa kujibu "kipo au hakipo, na ni kiasi gani", hasa kwenye sampuli chafu kama damu, maziwa au tishu nene, ambako taa ya kuamsha inaleta fujo.

BafaSafi

Kwa wanaotumia ALP na dioksetani: msiguse PBS, bafa ya fosfati. Fosfati inakizuia kimeng'enya na pia ndiyo zao la mmenyuko. Tumieni TBS. EDTA, kemikali inayoshika madini, nayo inanyang'anya zinki na magnesiamu ambazo ALP haiishi bila hizo. Na tishu nyingi zina ALP yake: pasha nyuzi 65 kwa dakika 30 kama antijeni inavumilia, au weka levamisoli, kizuizi cha ALP. Levamisoli haiigusi sana ALP ya utumbo wa ndama, ambayo ndiyo iliyobandikwa kwenye kingamwili nyingi, kwa hiyo alama yako (kimeng'enya ulichokibandika) inabaki salama. Ukichunguza tishu ya utumbo lakini, haikusaidii. Badilisha alama kabisa.

Utando

Je, sahani? Nyeusi au nyeupe? Na namba za mashine moja zinalingana na za nyingine?

Fotoni

Nyeupe. Kuta nyeupe zinarudisha fotoni kwa kigunduzi. Nyeusi inapunguza mwanga kuvuja kwenda kisima jirani, ila inakula sehemu kubwa ya mwanga wako. Kama una visima vikali karibu na blanki, viache mbalimbali kwenye ramani ya sahani.

Sahani nyeupe ina ila moja. Ikikaa chini ya taa za chumba inahifadhi mwanga na kuendelea kung'aa kwa dakika kadhaa. Iweke gizani ndani ya mashine dakika 5 kabla ya usomaji wa kwanza, kisha soma blanki mara tatu mfululizo. Zikiwa zinashuka, 900, 600, 450, sahani bado inatoa mwanga wake. Subiri zitulie.

Namba hazilingani kati ya mashine. Zile "vipimo vya mwanga" ni za mashine hiyo tu, kwa mpangilio huo tu. Linganisha kwa mkunjo wa viwango, kila sahani na mkunjo wake.

Nukta

Akridinia mmeipita haraka. Kwa nini mtu aichague?

BafaSafi

Kwa sababu hakuna kimeng'enya cha kuzuiwa na azaidi, wala kusubiri, na blanki yake ni ya chini sana. Gharama yake ni kwamba lazima uwe na mashine yenye sindano ndani, kwani mwanga wote unatoka ndani ya sekunde 2 hadi 5.

Kuibandika: esta ya NHS (umbo la akridinia linaloshika amini za kingamwili) kwenye kiyeyushi kikavu, DMSO au DMF, molekuli 5 hadi 10 kwa kila kingamwili, bafa ya pH 8 isiyo na amini. Tris na glisini zinaila esta kabla ya kingamwili. Nusu saa, kisha pitisha kwenye kolamu ya kuchuja kwa ukubwa. Hifadhi kwenye pH 6 hadi 6.5. Juu ya hapo haidroksidi inaikalia pete na mwanga unapungua.

Ndiyo maana kuwasha kuna hatua mbili. Kwanza asidi ya naitriki mola 0.1 yenye peroksaidi asilimia 0.5, ambayo inaling'oa lile haidroksidi na kuirudisha akridinia. Kisha sodiamu haidroksaidi mola 0.25 yenye kisabuni cha chaji chanya, na mashine ianze kuhesabu wakati uleule sindano inapopiga. Ukichelewa sekunde moja umepoteza kilele. Marudio yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, angalia povu kwenye mrija kabla ya kulaumu kemia.

Seli_Hai

La mwisho. Nina mwanga ndani ya seli au seramu. Nitajuaje unatoka kwa kile ninachokipima?

Fotoni

Usiamini mpaka umeuzima kwa makusudi. Weka kizuizi cha kimeng'enya husika, mwanga ushuke. Kama unapima peroksaidi, weka katalesi, kimeng'enya kinachoivunja. Tumia seli zisizo na kimeng'enya hicho, na weka probu kwenye midia peke yake ikiwa na seramu, kwa sababu seramu ina esterasi na fosfatesi zake, na albumini inaweza kuipandisha dioksetani kwa kuificha kutoka kwa maji. Kwa superoksidi muwe waangalifu na lusijenini, probu nyingine ya mwanga: yenyewe inaweza kuzalisha superoksidi inapopokea elektroni ndani ya seli, hivyo unapima ulichokileta.

Seramu iliyopasukiwa chembe nyekundu ni mbaya kwa luminoli mara mbili. Himoglobini inafanya kazi kama peroksidesi na kuipandisha blanki, na wakati huohuo inafyonza mwanga karibu na nanomita 415, jirani kabisa na 425 ya luminoli. Makosa hayo mawili yanaweza kufutana na ukapata namba inayoonekana nzuri. Igawe sampuli mara mbili, ongeza kiasi kinachojulikana cha HRP kwenye nusu moja, toa usomaji wa nusu nyingine. Tofauti ikirudi kati ya asilimia 80 na 120 ya ile uliyoipata ndani ya bafa safi, endelea. Ikirudi 50, punguza sampuli mara tano na urudie.